Kasoro ya Kwanta: Upimaji wa Sifa za Ayoni kwa Leza na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya kupima sifa za ayoni za molekuli. Katika njia hiyo, molekuli husisimuliwa kwa leza hadi elektroni yake moja iende mbali sana na sehemu iliyobaki. Kisha nishati ya elektroni hiyo hupimwa, na kutokana nayo sifa za ayoni iliyo katikati hubainika. Mfano mkuu ni ayoni ya hidrojeni, H₂⁺. Sambamba na maelezo hayo, makala yanachunguza istilahi ambazo somo lenyewe linazidai: kusisimua na kusisimka, kuayonisha na kujiayonisha, na kasoro ya kwanta. Hoja kuu ni kwamba istilahi za sayansi hazipimwi kwa orodha bali kwa maelezo yaliyounganika, na kwamba mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili ni hazina ambayo uundaji wa istilahi umeitumia kwa kiasi kidogo kuliko inavyostahili.

1.0 Utangulizi

Molekuli sahili kuliko zote ina protoni mbili na elektroni moja. Huandikwa H₂⁺, na hupatikana pale molekuli ya kawaida ya hidrojeni inapopokonywa elektroni moja kati ya mbili ilizo nazo. Kwa kuwa hubaki na chaji chanya isiyosawazishwa, huitwa ayoni. Usahili wake umeifanya kuwa mizani ya nadharia. Wanafizikia wanaweza kukokotoa nishati zake kwa usahihi mkubwa mno, kisha wakalinganisha hesabu zao na vipimo vya maabara. Hesabu na kipimo vikipatana, nadharia huthibitika. Visipopatana, ama pana kosa mahali fulani, ama pana jambo katika maumbile ambalo bado halijatambuliwa. Ulinganisho huohuo ni njia mojawapo ya kupata uwiano wa tungamo la protoni kwa tungamo la elektroni, ambao ni takriban 1,836. Aidha, katika mawingu ya gesi yaliyo baina ya nyota, H₂⁺ inapokutana na molekuli ya hidrojeni huzaa H₃⁺, ayoni iliyogunduliwa huko mwaka 1996 na ambayo huanzisha mfululizo mrefu wa mabadiliko ya kikemia.

Pamoja na umuhimu huo, ayoni hii ni vigumu kuidadisi. Molekuli ambazo chaji zake hazilingani pande mbili hunyonya mwanga wa infraredi zinapotetema, na mawimbi marefu zaidi zinapozunguka. Kwa namna hiyo hujitambulisha kwa anayezipima. H₂⁺ ina protoni mbili zinazofanana kabisa. Kitovu cha chaji chanya na kitovu cha chaji hasi huangukia mahali pamoja, hivyo mwanga hauna mahali pa kuishika. Isitoshe, ayoni husukumana zenyewe kwa zenyewe, na kuzikusanya nyingi mahali pamoja ni kazi ngumu.

Ufumbuzi uliopatikana ni kuuliza habari za ayoni kwa jirani yake. Elektroni inayokaribia kuondoka, lakini haijaondoka, huendelea kuizunguka ayoni kutoka mbali, na mzunguko wake huathiriwa na kila sifa ya ayoni hiyo. Sehemu zinazofuata zinaeleza jinsi athari hizo zinavyosomwa, na jinsi Kiswahili kinavyoweza kuzieleza.

2.0 Hali za Rydberg: Elektroni Iliyo Mbali

Mwaka 1888, Johannes Rydberg wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, alionyesha kuwa mistari ya mwanga inayotolewa na elementi mbalimbali hufuata kanuni moja. Mistari hiyo hujipanga katika mifululizo; kadiri mfululizo unavyoendelea, ndivyo mistari inavyosogeleana, hadi inafikia kikomo. Fizikia ya kwanta ilikuja kueleza sababu baadaye. Kila mstari huhusiana na ngazi ya nishati ambayo elektroni imekalia, na ngazi hizo hupewa namba kamili: 1, 2, 3 na kuendelea. Namba hiyo huandikwa n. Kikomo cha mfululizo ni nishati ambayo elektroni ikiipata huachana na molekuli moja kwa moja. Hali ambazo n ni kubwa huitwa hali za Rydberg.

Ukubwa wa mzunguko wa elektroni huongezeka kwa kipeo cha pili cha n. Katika atomu ya hidrojeni iliyotulia, ambapo n ni 1, elektroni huwa umbali wa takriban nanomita 0.053 kutoka kwenye kiini. Ikiinuliwa hadi n iwe 50, umbali huo huwa mara 2,500, yaani takriban nanomita 132. Molekuli iliyokuwa na upana wa sehemu ndogo ya nanomita hugeuka kuwa kitu kipana kupita virusi vingi. Nishati inayoifunga elektroni nayo hupungua kwa kipeo hichohicho, hadi uga hafifu wa umeme hutosha kuing'oa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba molekuli iliyo katika hali hii bado ni nzima. Kwa ujumla wake haina chaji, kwa hiyo haisukumani na wenzake, wala uga wa umeme hauiburuti kama unavyoiburuta ayoni. Hata hivyo, ndani yake mna ayoni kamili: sehemu yote iliyobaki baada ya elektroni moja kwenda mbali. Mtafiti hupata ayoni iliyobebwa na molekuli tulivu.

3.0 Kasoro ya Kwanta

Kama ayoni iliyo katikati ingekuwa nukta tupu yenye chaji moja, nishati ya elektroni ingetegemea n peke yake. Ayoni ya molekuli si nukta. Ina protoni zaidi ya moja, ina elektroni zake, ina umbo, nayo hutetema na kuzunguka. Elektroni ya mbali inapopita karibu nayo huvutwa kwa nguvu tofauti na ile ambayo nukta ingeitoa. Matokeo yake ni kwamba ngazi za nishati husogea kidogo kutoka mahali zilipotarajiwa. Rydberg mwenyewe aliuona msogeo huo katika mistari yake, akaurekebisha kwa kupunguza kiasi fulani kutoka kwenye namba kamili. Badala ya n, kanuni hutumia n toa δ. Kiasi hicho, δ, ndicho kinachoitwa katika makala haya kasoro ya kwanta.

Mfano wa hesabu utaonyesha uzito wa jambo hili. Katika kizio cha namba-wimbi, yaani idadi ya mawimbi yanayoenea katika sentimita moja, kipeo kisichobadilika cha Rydberg kwa hidrojeni ni takriban 109,700. Ikiwa n ni 50 na hakuna kasoro, elektroni iko chini ya kikomo kwa 109,700 gawanya kwa 2,500, yaani 43.88. Kasoro ikiwa 0.1 tu, namba inayotumika ni 49.9, na elektroni huwa chini ya kikomo kwa takriban 44.06. Tofauti ni 0.18. Leza za kisasa hubainisha tofauti ndogo kuliko hiyo mara mamia, na mawimbi ya milimita huzidi hapo. Kwa hiyo kasoro ndogo sana husomeka waziwazi, na ndani ya kasoro hiyo mna taarifa za ayoni.

Uteuzi wa neno kasoro unahitaji kutetewa, kwa sababu baadhi ya wafasiri hulikwepa. Neno la Kiingereza linalotumika hapa lina maana ya hitilafu, na anayelitafsiri kwa kufuata maana hiyo huishia kwenye dosari, ila au upungufu. Msomaji wa tafsiri hiyo hudhani kuwa elektroni ina ubovu, au kwamba kipimo kimeharibika. Kiswahili, hata hivyo, kina matumizi ya pili ya neno kasoro ambayo kila mzungumzaji huyajua tangu utotoni. Saa tatu kasoro dakika kumi haina ubovu wowote. Ni saa tatu iliyopunguziwa dakika kumi. Mtu hutaja namba kamili iliyo karibu, kisha hutaja kiasi kinachopungua. Kanuni ya Rydberg hufanya hivyohivyo: hamsini kasoro sehemu moja ya kumi. Neno la Kiswahili linabeba maana ya kihisabati ambayo neno la asili halina, nalo linaweza kusomwa ndani ya kanuni yenyewe: n kasoro δ. Hapa mfasiri hakulazimika kuunda chochote. Alichohitaji ni kuielewa kanuni kabla ya kufungua kamusi.

4.0 Kutoka kwenye Mistari hadi Sifa za Ayoni

Sifa za ayoni hupatikana kwa njia kuu mbili, na njia zote mbili hutegemea mifululizo ya Rydberg.

4.1 Vikomo vya mifululizo

Ayoni yenyewe ina ngazi za mzunguko na za mtetemo. Kila ngazi huwa na mfululizo wake wa hali za Rydberg, na kila mfululizo huwa na kikomo chake. Mtafiti akipima mistari mingi ya mfululizo mmoja, anaweza kukokotoa mahali kikomo kilipo bila ya kukifikia. Akifanya hivyo kwa mifululizo miwili, tofauti ya vikomo viwili ni tofauti ya ngazi mbili za ayoni. Kwa njia hiyo, mzunguko wa H₂⁺, ambao mwanga hauwezi kuuamsha, hupimwa bila ya ayoni huru hata moja kuangaziwa.

Msingi wa kazi hii kwa hidrojeni uliwekwa na Gerhard Herzberg, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1971, pamoja na Christian Jungen. Katika utafiti wao wa mwaka 1972 walionyesha kwamba mifululizo haiendi sambamba bila kugusana. Elektroni ya mbali na ayoni inayozunguka hubadilishana nishati, na mistari ya mfululizo mmoja husukumwa na ya mwingine. Nadharia inayozingatia mikondo yote kwa pamoja, iliyojengwa juu ya kazi za Michael Seaton na Ugo Fano, ndiyo iliyowezesha mistari hiyo iliyochanganyika kufasiriwa.

Matokeo ya karne hii yanaonyesha umbali uliofikiwa. Mwaka 2009, watafiti wa Zürich na Amsterdam walitangaza kuwa nishati inayohitajika kuiondoa elektroni moja kutoka kwenye molekuli ya hidrojeni ni 124,417.491 katika kizio cha namba-wimbi, kwa shaka isiyozidi sehemu nne za elfu kumi za kizio kimoja. Kabla ya hapo, mwaka 2004, kundi la Frédéric Merkt wa Zürich, likishirikiana na Jungen, lilitumia mawimbi ya milimita kupima migawanyiko midogo kabisa ya ngazi za H₂⁺ inayosababishwa na usumaku wa protoni. Mwaka 2015, nafasi baina ya ngazi mbili za mwanzo za mzunguko wa ayoni hiyo, katika aina ya hidrojeni ambayo usumaku wa protoni zake hubatilishana, ilipimwa kwa njia hiihii na kupatikana kuwa takriban 174.237. Kipimo hicho kilipatana na hesabu ya nadharia.

4.2 Elektroni isiyokaribia

Njia ya pili hutumia hali ambazo elektroni huzunguka kwa upana, karibu na duara, bila ya kuingia ndani ya ayoni. Katika hali hizo msogeo wa ngazi ni mdogo sana, lakini chanzo chake ni rahisi kueleza. Kwanza, chaji ya ayoni haikusambaa kama tufe; H₂⁺ ni ndefu kidogo upande mmoja, na elektroni huuhisi urefu huo. Pili, elektroni yenyewe huivuta ayoni: wingu la elektroni lililobaki ndani husogea kidogo kwa kuukwepa uga wake. Kiasi ambacho ayoni hukubali kuvutwa hivyo ni sifa muhimu, nayo inaweza kuitwa uvutikaji. Stephen Lundeen na wenzake nchini Marekani waliitumia njia hii kwa hidrojeni, wakapima umbo la mgawanyo wa chaji pamoja na uvutikaji wa H₂⁺.

Ayoni ambazo pande zake hazifanani hutoa taarifa nyingine. Katika molekuli ya kalsiamu monofloridi, CaF, ambayo imechunguzwa kwa miaka mingi na kundi la Robert Field katika Massachusetts Institute of Technology, ayoni iliyo katikati ina upande chanya na upande hasi. Inapozunguka, hutikisa elektroni ya mbali kwa mpigo wa mzunguko wake, na nguvu ya mtikiso huo hufichua ukubwa wa utengano wa chaji zake.

5.0 Mwenendo wa Jaribio

Kwa muhtasari, jaribio hupita hatua nne. Gesi hufyatuliwa kupitia tundu dogo kuingia katika ombwe. Inapotanuka hupoa sana, na molekuli zake nyingi hutulia katika ngazi chache za chini. Leza ya kwanza, aghalabu yenye mwanga wa urujuanimno, huinua elektroni nusu ya safari. Leza ya pili humalizia, ikiiweka katika hali moja teule ya Rydberg. Pale panapohitajika usahihi zaidi, mawimbi ya milimita huihamisha kutoka hali moja hadi nyingine iliyo jirani. Mwishowe mpigo wa uga wa umeme huing'oa elektroni, na kinachohesabiwa ni elektroni au ayoni zinazofika kwenye kitambuzi. Leza hubadilishwa rangi polepole. Panapotokea wingi wa hesabu, pana mstari.

Hatua ya mwisho ina historia yenye mafunzo. Mwaka 1984, Klaus Müller-Dethlefs, Michael Sander na Edward Schlag walibuni mjini München namna ya kukusanya elektroni zilizoachwa bila mwendo pindi molekuli inapoayonishwa. Miaka minne baadaye ilibainika kuwa sehemu kubwa ya elektroni hizo hazikuwa huru hata kidogo. Zilikuwa katika hali za Rydberg zilizo chini kidogo ya kikomo, na mpigo wa umeme uliokusudiwa kuzikusanya ndio uliozing'oa. Njia ilifanya kazi vizuri kabla ya sababu yake kujulikana.

6.0 Mnyambuliko kama Chombo cha Istilahi

Kisa cha München kinaonyesha kwa nini mtenda na mtendwa hawana budi kutofautishwa katika somo hili: swali lote lilikuwa ni nini kiliing'oa elektroni, na lini. Kiswahili kina nyenzo za kufanya hivyo ndani ya kitenzi.

Leza husisimua molekuli, molekuli husisimuliwa, baada ya hapo huwa imesisimka. Kauli ya kutendwa hutaja tendo lenye mtenda, na kauli ya kutendeka hutaja hali inayobaki mtenda akishaondoka. Katika maabara tofauti hiyo ni ya kweli: mpigo wa leza huchukua muda mfupi mno, ilhali hali ya Rydberg huweza kudumu kwa muda mrefu zaidi baadaye. Usisimuaji na msisimko ni vitu viwili, na majina hayo mawili hayapaswi kubadilishana nafasi.

Vivyo hivyo kwa kuayonisha. Uga wa umeme huayonisha molekuli. Lakini ipo njia nyingine: ayoni iliyo ndani, ikiwa inazunguka kwa kasi au kutetema, huweza kuikabidhi elektroni ya mbali nishati yake, na elektroni ikaondoka bila ya msaada wa nje. Molekuli imejiayonisha. Kiambishi -ji- kimebeba maana yote, wala hapakuhitajika istilahi ya maneno matatu.

Mfano huu unagusa pia swali la tahajia. Maandishi ya Kiswahili yana maumbo mawili ya jina hili, ioni na ayoni. Kwa nomino peke yake, hakuna sababu kubwa ya kuchagua. Ugumu huonekana katika kitenzi: kuionisha husomeka kirahisi kama kitenzi chenye kiambishi cha yambwa -i- na mzizi wa kuona, na kuiionisha molekuli huleta irabu ambazo msomaji hulazimika kuzihesabu. Kuayonisha, kuiayonisha na kujiayonisha hazina utata huo. Umbo la nomino lingepaswa kuchaguliwa kwa kuangalia vitenzi vitakavyozaliwa nalo.

7.0 Athari kwa Sera

Kazi ya istilahi za sayansi katika Kiswahili si changa. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lilianzishwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Leo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar, na Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Hadhi imepanda. Ilhali katika shule za serikali za Tanzania mwanafunzi anayejifunza sayansi kwa Kiswahili katika msingi huiacha lugha hiyo mlangoni mwa sekondari, kabla ya kufikia elektroni na ngazi zake. Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba istilahi hazitoshi.

Mfano uliochunguzwa hapa unapendekeza kuwa tatizo haliko katika idadi ya maneno pekee. Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, istilahi ziundwe kwa ukoo: kitenzi kiteuliwe pamoja na kauli zake na nomino zake, badala ya nomino moja moja kukaa peke yake katika orodha. Pili, kila kundi la istilahi lijaribiwe katika maelezo marefu yanayosomwa na mwanasayansi na mwanaisimu kwa pamoja kabla ya kusanifishwa. Kasoro ya kwanta isingetetewa na yeyote asiyeiona ndani ya kanuni. Tatu, vyombo vya nchi jirani vipatanishe maumbo kama ioni na ayoni mapema, kwa kuwa kamusi mbili zinazotofautiana humlazimu mtunzi wa kitabu kuchagua upande.

Pendekezo hili lina mipaka. Maneno kama spektra, protoni na leza yataendelea kukopwa, na hakuna ubaya. Aidha, istilahi nzuri hazijengi maabara. Lakini anayemshauri waziri kuhusu lugha ya kufundishia anastahili kujua kwamba somo la kiwango hiki linaelezeka, na kujua gharama halisi iko wapi: katika muda wa wataalamu wawili kukaa na maelezo yaleyale hadi kila sentensi ikubalike kwa wote wawili.

8.0 Hitimisho

Ayoni ya H₂⁺ imepimwa kwa kuiangalia elektroni iliyo mbali nayo. Elektroni hiyo husogezwa kidogo tu kutoka mahali ambapo namba kamili ingeiweka, na msogeo huo mdogo hutosha kueleza umbo la ayoni, mzunguko wake, uvutikaji wake na nishati inayoifunga. Kiswahili kilikuwa tayari na neno la kuutaja msogeo huo, nalo hutumika kila siku mtu anaposoma saa. Maneno mengine ya namna hiyo yamo katika lugha, na yatapatikana pale maelezo yatakapoandikwa.